Bumba si mzinga: Nyuki, makundi yao na makao yao

Jioni moja habari fupi ilifika mezani mwangu kutoka mtaa mmoja wa Eastlands, jijini Nairobi. Nyuki walikuwa wametua kwenye nguzo ya stima kando ya barabara. Wapita njia wakatimua mbio, mama mchuuzi wa mboga akaacha biashara yake wazi, na vijana wakakusanyika kwa mbali wakiwa na mawe mikononi. Habari yenyewe haikuwa na kasoro kubwa. Kilichoisimamisha kalamu yangu ni sentensi ya pili, iliyodai kwamba mzinga wa nyuki uliruka kutoka mti ulio karibu na uwanja wa shule, ukatua juu ya nguzo hiyo.

Mzinga hauruki. Nilimwita mwandishi wa habari hiyo, kijana msomi mwenye shahada yake, nikamwonyesha mahali hapo. "Kwani mzee, mzinga si ndio kundi la nyuki?" akauliza kwa adabu, naye alikuwa na hakika kabisa ya alichokisema. Siku chache baadaye mzazi mmoja mkazi wa Umoja akanieleza lalama yake: mwanawe alikuwa ameandika "bumba la nyuki" katika zoezi la nomino za makundi, akatiwa mkasi mwekundu, kwa kuwa kitabu cha majibu kilisema "mzinga wa nyuki". Mtoto alikuwa amelia. Mzazi alitaka kujua ni nani aliyepotoka kati ya mwanawe na kitabu.

Makala haya yanakusudia kuyapanga majina hayo mahali pake. Hayaandikwi kwa ajili ya mtihani pekee. Kama itakavyoonekana hapo mbele, anayeweza kutofautisha bumba na mzinga anapowaona nyuki mtaani huwa pia amejua ni hatari ya namna gani iliyo mbele yake.

Mdudu mwenyewe

Neno nyuki halibadiliki umbo katika umoja na wingi, lakini kwa kuwa linataja kiumbe chenye uhai, hufuata upatanisho wa ngeli ya A-WA: nyuki huyu ameuma, nyuki hawa wameuma. Katika mazungumzo ya mitaani ya Nairobi husikika sana "nyuki zimekuja" na "nyuki zimeuma mtoto". Mzungumzaji anaeleweka, ila mwandishi wa gazeti hana ruhusa hiyo.

Jina lenyewe ni la kale miongoni mwa lugha za Kibantu, na mkazi wa Eastlands hahitaji kamusi kulithibitisha hilo. Anachohitaji ni majirani. Mkikuyu atasema njuki, Mkamba nzuki. Ukivuka mpaka, Mganda atasema enjuki na Mnyarwanda inzuki. Jirani Mjaluo, ambaye lugha yake ni ya ukoo mwingine, atamwita mdudu huyo kich. Ajabu ni kwamba Waswahili walilihifadhi jina la mdudu kutoka kwa mababu wa Kibantu, lakini jina la kile anachokitengeneza wakalichukua kwa wafanyabiashara: asali ni neno la Kiarabu. Vivyo hivyo malkia, ambaye tutamkuta huko ndani ya masega.

Si kila mdudu mwenye kiuno na mwiba aliye nyuki. Nyigu, ambaye hupenda kujenga chini ya mapaa ya nyumba zetu, hutafuna ubao mkavu na kuufinyanga kuwa kijumba cha mfano wa karatasi, chenye vyumba vidogo vidogo vinavyotazama chini. Hakuna asali humo wala nta. Mara nyingi mkazi anayelalamika kuhusu "mzinga mdogo" juu ya dirisha huwa ameona kijumba cha nyigu. Kuna pia nyuki wadogo wasio na mwiba wa kuuma, ambao Watanzania huwaita hivyo hivyo tu, nyuki wadogo, na asali yao huuzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa. Nyuki anayezungumziwa katika makala haya ni yule mkubwa wa kawaida, mwenye asali nyingi na hasira za karibu.

Bumba

Bumba ni nomino ya ngeli ya LI-YA: bumba la nyuki limetua, mabumba mawili yametua. Maana yake ya msingi ni kitu kilichoshikamana kikawa donge, na ndiyo sababu neno hilo hutumika pia kwa udongo. Aliyewahi kuwaona nyuki wakining'inia kwenye tawi la mjakaranda, mmoja amemshika mwenziwe, donge zima likinesanesa kama kitu kimoja, hatauliza kwa nini wahenga walichagua neno hilo.

Wapo wanaosema na kuandika "pumba la nyuki". Sauti hizi mbili ni ndugu, na pumba kwa maana ya donge lipo katika lugha. Hata hivyo msomaji wa leo akiliona neno pumba hukumbuka kwanza wishwa wa mahindi, kisha mazungumzo yasiyo na maana. Kwa hiyo nashauri bumba, na pumba waachiwe mifugo na wanasiasa.

Je, "kundi la nyuki" ni kosa? La hasha. Kundi ni nomino ya jumla inayokubali watu, ndege, mbwa na nyuki pia, na vitabu vingi vya ufugaji nchini Tanzania hulitumia kwa maana ya jamii nzima inayoishi katika mzinga mmoja. Wingu ndilo tunalolihusisha zaidi na nzige, na wasomaji wetu walilizoea upya wakati nzige wa jangwani walipoivamia Kenya kuanzia mwisho wa mwaka 2019. Lakini nyuki wanaposafiri angani kwa maelfu, sioni ubaya wa kuwaita wingu. "Jeshi la nyuki" ni tamathali ya waandishi wa habari wenye haraka. Huifuta kila ninapoikuta, kwa sababu jeshi huenda kushambulia, ilhali nyuki walio safarini hawaendi vitani.

Wanakwenda wapi, basi? Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo neno bumba linapopata uzito wake. Jamii ya nyuki inapokuwa na watu wengi kupita nafasi yake, nyuki watenda kazi hulea malkia mpya. Kabla huyo hajatoka, malkia wa zamani huondoka pamoja na sehemu kubwa ya jamii, mara nyingi nusu au zaidi, wakiwa wameshiba asali kwa safari. Hawaendi mbali mara moja. Hutua penye mti, nguzo, ukingo wa paa au hata kioo cha pembeni cha matatu iliyoegeshwa, wakashikamana, na hilo ndilo bumba. Wapelelezi mia kadhaa hutoka kutafuta makao. Kila anayerudi hucheza juu ya migongo ya wenzake, na mwelekeo wa mchezo wake pamoja na muda wake hueleza upande na umbali wa mahali alipopaona. Aliyeifumbua lugha hiyo ya mchezo ni Karl von Frisch wa Austria, aliyetunukiwa pamoja na wenzake wawili Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Mwanafunzi wake Martin Lindauer ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1950 kwamba bumba huutumia mchezo huo kuchagua makao. Wapelelezi hushindana, waliopata pabaya hunyamaza kidogo kidogo, na wengi wanapokubaliana mahali pamoja, bumba huruka. Kazi hiyo huweza kuchukua saa chache au siku kadhaa.

Nyuki wetu wa Afrika Mashariki wana tabia nyingine ya kuhama. Wakisumbuliwa na siafu, moto, ukame au binadamu, hulitelekeza kao lao lote na kuondoka wote, bila kumwachia mtu kitu. Nao wakitua njiani huwa bumba.

Basi, bumba halina nyumba. Halina masega, halina watoto, halina akiba isipokuwa ile iliyo matumboni. Ndiyo sababu aghalabu huwa pole kuliko nyuki walio nyumbani. Nasema aghalabu, kwa kuwa nyuki wa huku hawaaminiki kama wale wa Ulaya, na bumba lililokaa siku nyingi na njaa huweza kubadilika tabia.

Mzinga

Mzinga ni nomino ya ngeli ya U-I: mzinga umetundikwa, mizinga imetundikwa. Asili yake ni gogo lililochongwa uwazi ndani, likazibwa ncha zote mbili na kuachiwa tundu dogo la kupitia. Neno hili nalo ni la Kibantu na limeenea mbali: Waganda husema omuzinga, Wanyarwanda umuzinga. Wakikuyu na Wakamba wana neno lao, mwatu, na yeyote aliyesafiri Kitui au Mwingi ameiona miatu hiyo ikining'inia kwenye migunga na mibuyu, mingine imerithiwa kutoka kwa babu.

Umbo hilo la bomba la mti lenye mdomo mmoja ndilo lililowafanya wazee waite silaha ya kurushia makombora kwa jina lilo hilo. Luganda nayo hutumia neno moja kwa vitu hivyo viwili. Hivyo viongozi wa nchi hupigiwa mizinga 21, na huko Morogoro, Tanzania, lipo shirika la jeshi la kutengeneza silaha liitwalo Mzinga. Nairobi imeongeza maana yake: mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali, ile ya mililita 750. Dar es Salaam nayo ina yake, maana huko kumpiga mtu mzinga ni kumwomba fedha. Miaka ya nyuma nilikizuia kichwa cha habari kilichosema polisi wamenasa mizinga Kayole. Msomaji wa Kayole angewaza ulevi. Wa Mombasa, aliyezoea kuiona mizinga ya kale ya Fort Jesus, angewaza vita. Wa Kitui angedhani wezi wa asali wamepatikana, naye ndiye pekee ambaye angefurahi.

Mzinga, kwa hiyo, ni nyumba. Ukiwa mtupu huendelea kuitwa mzinga. Ukiwa na nyuki huwa mzinga wenye nyuki. "Mzinga wa nyuki" hutaja makao kama vile "zizi la ng'ombe" linavyotaja makao, wala hakuna mwalimu atakayekubali kwamba zizi ndilo kundi la ng'ombe. Nadhani chanzo cha mkanganyiko ni orodha. Kwa miaka mingi, tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 hadi mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, watoto wetu walikariri orodha za nomino za makundi, za makao, za watoto wa wanyama na za milio, moja baada ya nyingine, kutoka vitabu vya marudio vilivyonakiliana. Nyuki yumo katika orodha zote nne. Bumba, mzinga, jana, kuvuma. Mtungaji mmoja akiteleza mstari mmoja, kosa hutembea kitabu hadi kitabu, na kwa kuwa kitabu kina jalada, mtoto ndiye anayeonekana mjinga.

Lipo swali gumu zaidi, ambalo orodha haziligusi: je, kila makao ya nyuki ni mzinga? Kwa maana ya asili, hapana. Mzinga hutengenezwa na mtu. Nyuki wa porini hukaa katika mvungu wa mti, pango la mwamba au kichuguu kilichohamwa na mchwa. Waislamu wa Pumwani na Majengo waliosoma Sura ya Nyuki, ambayo ni ya 16 katika Kurani, watakumbuka kwamba humo nyuki wanaelekezwa kufanya makao katika milima, katika miti na katika yale wanayoyajenga watu. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo habari ya Eastlands. Huku nyuki huingia kwenye dari za nyumba za Buruburu, kwenye nyufa za kuta za zamani za Kaloleni na Makongeni, kwenye mapipa yaliyosahaulika, masanduku ya mita za stima na matairi yaliyorundikwa nyuma ya gereji. Kuita makao hayo mzinga ni kulipanua neno, nami sioni haja ya kulizuia lisipanuke. Ila katika habari ni bora kutaja mahali penyewe: nyuki walioweka makao darini. Msomaji hufahamu zaidi. Kiota, kwa upande wake, kibaki cha ndege.

Mizinga ya kisasa imeleta majina mapya ambayo bado hayajatulia. Katika miaka ya 1970, mradi ulioshirikisha Kenya na Kanada ulisambaza sanduku refu lenye kuta za mteremko, lenye vipande vya mbao vilivyopangwa juu, na nyuki hushusha sega moja kutoka kila kipande. Duniani kote hujulikana kama mzinga wa Kenya, heshima ambayo wengi wetu hatuna habari nayo. Mwingine ni ule wa Langstroth, uliopewa jina la Mmarekani aliyeupatia hataza mwaka 1852. Siri yake ni nafasi: nyuki wakiachiwa mwanya wa milimita 6 hadi 9 hawauzibi wala hawajengi sega ndani yake, kwa hiyo viunzi hutoka na kurudi bila kubomoa kitu. Mahali inapowekwa mizinga mingi pamoja, Watanzania hupaita manzuki, neno zuri ambalo huku Kenya hatulitumii inavyostahili. Ukilitazama kwa makini utamwona yule nzuki wa Wakamba amekaa ndani yake.

Ndani ya mzinga

Kilicho ndani ni masega, umoja wake sega. Hujengwa kwa nta, ambayo nyuki huitoa katika tezi zilizo chini ya tumbo lake, na kila kijumba kina pande sita. Nta ilikuwa bidhaa kubwa ya kupeleka ng'ambo kutoka Tanganyika tangu enzi za Wajerumani, na Tabora, ambako leo kuna chuo cha ufugaji nyuki, ndiko kulikokuwa kitovu chake. Humo katika masega huwekwa asali, huwekwa chavua, ambayo ni ungaunga wa maua, na huwekwa watoto. Maji matamu ambayo nyuki huyafyonza uani kabla hayajawa asali huitwa mbochi. Neno hili ni Kiswahili halisi, japo vitabu vya sayansi hupendelea nektari.

Mtoto wa nyuki ni jana, wingi wake majana. Neno hili halina uhusiano na siku iliyopita, na mwanafunzi aweza kutunga sentensi sahihi kabisa kwamba jana aliona jana, mradi mwalimu wake awe na subira. Kutoka yai hadi nyuki kamili, malkia huchukua siku 16, mtenda kazi siku 21 na dume siku 24.

Malkia ni mmoja. Aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku katika msimu mzuri. Jina lake hata hivyo humpa cheo asichokuwa nacho, kwa maana haamuru chochote. Watenda kazi ndio huamua lini alishwe, lini ahame na lini abadilishwe. Wazungu wenyewe kwa karne nyingi walimwita mfalme, hadi Mholanzi Jan Swammerdam alipompasua katika karne ya 17 na kukuta mayai. Dume la nyuki halina mwiba wala kazi ya nyumbani. Hungoja siku ya kumpanda malkia angani, na likifanikiwa hufa papo hapo. Wasiofanikiwa hufukuzwa chakula kinapoadimika. Wanaobaki, maelfu kwa makumi ya maelfu, ni majike watenda kazi. Vitabu vingine huwaita vibarua, jina linaloeleweka upesi na yeyote anayeishi kando ya Jogoo Road na kuwaona watu wakielekea Industrial Area kwa miguu kabla ya jua kuchomoza. Wakati wa shughuli nyingi, kibarua wa nyuki huishi wiki sita hivi.

Kutoa asali mzingani ni kurina, na anayefanya kazi hiyo ni mrina asali. Wengine husema kupakua asali, kama mtu apakuavyo chakula sufuriani. Siku hizi vitenzi hivyo vinasukumwa kando na kuvuna, neno la wakulima, na sina ugomvi nalo ila huruma kwa kurina, ambalo halina kazi nyingine ya kujikimu likiondolewa hiyo. Ndege anayemwongoza mtu hadi penye asali ni mlembe. Huyu si wa ngano. Hussein Isack, Mkenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer walichapisha mwaka 1989 utafiti uliofanywa miongoni mwa Waborana kaskazini mwa Kenya, ukaonyesha kwamba warina asali katika eneo wasilolijua walitumia wastani wa karibu saa tisa kulipata kao la nyuki walipotafuta peke yao, na saa tatu na kidogo walipomfuata ndege. Methali isemayo fuata nyuki ule asali huenda ingemtaja mlembe kama mtungaji wake angekuwa Mborana.

Nguzo ya stima

Turudi mtaani. Mkazi wa ghorofa moja anaamka na kukuta nyuki nje ya dirisha. Swali la kwanza ni la nomino: je, hili ni bumba, au nyuki hawa wana makao?

Akiona donge linaloning'inia wazi, hakuna sega, hakuna nyuki wanaoingia na kutoka katika tundu, hilo ni bumba. Dawa yake ni kuliacha. Watoto waingizwe ndani, madirisha ya upande huo yafungwe, mbwa afunguliwe mnyororo ili aweze kukimbia, na watu wapite upande mwingine. Mara nyingi bumba litaondoka lenyewe. Kulirushia mawe, kulimwagia mafuta ya taa au kuwasha tairi chini yake ni kuwageuza wasafiri kuwa wapiganaji, na kama limetua kwenye nguzo ya stima, anayelichokoa kwa mti mrefu au chuma huenda akauawa na kitu kingine kabisa.

Akiona nyuki wakiingia na kutoka mfululizo katika ufa au tundu, wengine wamebeba chavua miguuni, basi kuna kao, kuna masega, na kuna majana. Chavua ni chakula cha kulea watoto, na nyuki mwenye watoto hutetea. Hawa hawataondoka kwa kungojwa. Kila mwezi unaopita masega huongezeka na dari huwa nzito. Anayetakiwa hapo ni mfugaji wa nyuki mwenye vazi na chombo cha moshi, na afike jioni, wakati nyuki wengi wamerejea. Kuziba tundu kwa saruji, kama wenye ploti wengi wanavyofanya ili kuokoa gharama, huwafanya nyuki watafute njia nyingine, na aghalabu njia hiyo ni shimo la taa ndani ya chumba cha kulala.

Ikitokea mtu ameumwa, asimponde nyuki mwilini. Nyuki mtenda kazi huuacha mwiba wake ndani ya ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na hapo hapo hutoa harufu inayowaita wenzake, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Mwiba ukwanguliwe haraka kwa ukucha au ukingo wa kadi, na mtu aondoke mahali hapo mara moja, mbio, bila kupunga mikono, hadi ndani ya nyumba au gari lililofungwa. Anayevimba uso au koo, au kuanza kupumua kwa shida, apelekwe hospitalini bila kungoja, hata kama ameumwa mara moja tu, kwa kuwa wapo watu ambao miili yao haiistahimili sumu hiyo kabisa.

Vijana wale wa nguzo ya stima, nilivyoelezwa na mwandishi wetu, walizuiwa na mzee mmoja mtu wa Ukambani, fundi wa viatu aliyekuwa na kibanda karibu. Aliwaambia kwamba wageni hao wangeondoka wenyewe. Mwandishi alikuwa ameyaacha maneno hayo nje ya habari kwa kuyaona hayana uzito. Tuliyarudisha, tukayaweka aya ya tatu. Sentensi ya pili nayo ikaandikwa upya kusema kwamba bumba la nyuki liliruka kutoka mti ulio karibu na uwanja wa shule, likatua juu ya nguzo ya stima. Kesho yake saa nne asubuhi alipiga simu kuniarifu kwamba nguzo ilikuwa tupu, na yule mama wa mboga amerejea mahali pake.

Mzazi wa Umoja naye nilimjibu kwamba mwanawe ndiye aliye sahihi, nikamshauri aende kumwona mwalimu kwa upole, kwa kuwa mwalimu alifuata kitabu alichopewa. Alinishukuru. Kisha akaniuliza kama nilijua mahali pa kupata asali safi, kwa sababu ile inayouzwa karibu na kituo cha matatu, ndani ya chupa zilizokuwa za pombe, hakuiamini. Ina maana hiyo imetoka mzingani ikarudi mzingani, nikamwambia, naye akacheka.